Bakteria wanaoishi juu ya mwani kero: mwongozo kamili wa kuwatambua, kuwapima na kuliokoa shamba

Mkulima wa mwani akiona manyoya mekundu yameota juu ya zao lake, huyang'oa. Huyavuta kwa vidole, huyatupa majini palepale kati ya kamba, kisha hufuata mstari mwingine. Wiki mbili tatu baadaye manyoya yamerudi, na safari hii matawi yameanza kupauka, yamekuwa laini, yanakatika yakiguswa. Lawama zote huwaangukia manyoya. Lakini manyoya yalikuwa na wapangaji, na wapangaji hao ndio walioingia ndani ya tawi.

Mwongozo huu unahusu wapangaji hao: bakteria wanaoishi juu ya mwani kero. Kwa mwani kero nina maana ya kila mwani usioupanda, unaoota juu ya zao, kamba au vigingi na kulisumbua zao. Nimeuandika kwanza kwa wakulima wa mwani mnene (Kappaphycus) na mwani mwembamba (Eucheuma), pamoja na maafisa ugani na wanafunzi wanaowasaidia. Hoja ninayoisimamia tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba namna unavyoutoa mwani kero, wakati unaoutoa na mahali unapoutupa vina uzito kuliko kule kuutoa kwenyewe. Ukiwajua bakteria wake utaona sababu.

Asiye na maabara asome sehemu ifuatayo na hatua ya 1 na ya 2, kisha aruke hadi hatua ya 6.

Kinachotokea juu ya tawi

Chochote kinachokaa baharini hufunikwa na bakteria. Kamba mpya ikiingia majini asubuhi, jioni tayari ina utando mwembamba wa ute usioonekana kwa macho, na ndani ya ute huo bakteria wameshaanza kuongezeka. Mwani nao, uwe zao au kero, hubeba mamilioni ya bakteria kwenye kila sentimita ya mraba ya ngozi yake.

Wengi wao hawana ubaya. Wapo wanaoupa mwani vitamini, wapo wanaouzuia uchafu mwingine usishike. Bakteria aitwaye Pseudoalteromonas tunicata, anayeishi juu ya mwani wa kijani wa jenasi ya Ulva, hutoa kemikali zinazozuia spora (chembe ndogo sana za uzazi) za mwani mwingine na viumbe wengine wasikae karibu naye. Ulva yenyewe haiwezi hata kujipa umbo bila wenzake hawa. Watafiti walipoilea Ulva mutabilis bila bakteria yeyote, ilibaki donge la seli lisilo na sura. Walipoirudishia bakteria wa aina mbili tu, Roseovarius na Maribacter, ikakua kama kawaida. Nayataja haya mapema kwa sababu anayedhani dawa ni kuua bakteria wote shambani ataliumiza zao lake kabla hajaugusa ugonjwa.

Upande wa pili ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba spora za Ulva zinazoogelea huhisi kemikali ambazo bakteria hutumia kuwasiliana wao kwa wao, nazo huenda kutua pale bakteria walipo wengi. Kwa hiyo kamba yenye ute mzito huwaita wageni. Mwani kero ukishaota, hutoa sukari zinazowalisha bakteria zaidi, hukamata matope na vipande vya viumbe vilivyokufa, na hupunguza mwendo wa maji juu ya tawi. Mahali palipokuwa pakisafishwa na mkondo pakageuka kichaka tulivu chenye chakula tele.

Halafu kuna jeraha. Mwani mwekundu wa manyoya, Neosiphonia (siku hizi wataalamu wengi huuweka kwenye jenasi ya Melanothamnus), haukai juu juu. Spora yake ikitua kwenye tawi huota na kusukuma kijimzizi kupenya katikati ya seli za ngozi ya zao. Kwa jicho utaona kwanza vidoa vyeusi vidogo sana, kisha ngozi inakuwa na vipele kama vya mtu aliyeshikwa na baridi, kisha manyoya yenyewe. Manyoya yakifa, yakidondoka au yakivutwa kwa nguvu, huacha tundu. Tayari kuna kundi kubwa la bakteria pembeni yake, na sasa njia ya kuingia ipo wazi.

Baadhi ya bakteria hao wana vimeng'enya vya kuvunja karajinani, ile nyama ya ukuta wa seli ambayo ndiyo hasa mkulima anaiuza. Ukuta ukivunjwa, rangi hutoka na tawi hubaki jeupe na tepetepe. Huu ndio ugonjwa wa aisi-aisi, ulioripotiwa kwenye mashamba ya Ufilipino tangu miaka ya 1970. Mwaka 1995 Danilo Largo na wenzake walionyesha kwamba matawi yaliyopauka yalikuwa na bakteria mara 10 hadi 100 zaidi ya matawi mazima. Pia waliwatenga bakteria wawili, mmoja wa kundi la Vibrio na mwingine wa kundi la Cytophaga, walioweza kuleta weupe, hasa pale tawi lilipokuwa tayari limedhoofishwa na chumvi kupungua au mwanga hafifu. Majaribio yao mengine yalionyesha kwamba joto la nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi, au chumvi ya sehemu 20 kwa elfu na chini ya hapo, linatosha kuanzisha weupe.

Basi ugonjwa huhitaji mambo matatu yakutane: tawi lililochoka, jeraha, na bakteria wengi wenye vimeng'enya vinavyofaa. Mwani kero huleta mawili kati ya hayo kwa mkupuo mmoja. Hali ya hewa huleta la tatu.

Hatua ya 1: Jua ni mwani gani ulio nao

Chukua tawi moja, litie kwenye beseni jeupe lenye maji safi ya bahari, ulitazame kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Vuta unyoya mmoja polepole. Ukitoka bila kuacha alama, mwani huo umejisokota tu. Ukigoma, au ukitoka na kipande cha ngozi, umezama ndani, na huo ndio wa kuogopa zaidi.

Manyoya mekundu au ya kahawia iliyoiva, mafupi na yaliyotapakaa sawasawa, mara nyingi ni Neosiphonia au ndugu yake Polysiphonia. Ya kijani yanayofanana na nyuzi za kushonea ni Chaetomorpha au Cladophora. Mapana kama karatasi laini ni Ulva. Haya ya kijani hushika zaidi kamba na taitai (vikamba vidogo vya kufungia mbegu) kuliko ngozi ya zao, na madhara yake makubwa ni kivuli, uzito na bakteria wanaojikusanya chini yake. Hypnea na Acanthophora ni mwani mkubwa zaidi unaojinasa kwenye matawi. Huondolewa kwa urahisi ukiwa bado mchanga.

Kuna kundi moja linalohitaji tahadhari ya pekee. Ukiona nywele ndefu nyeusi, za kijani-bluu au za zambarau, zinazoteleza na kutanda kama mkeka, yawezekana ni Lyngbya au jamaa zake. Huo si mwani wa kweli: ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua, walioungana kuwa nyuzi. Baadhi yao hutoa sumu inayowasha na kuunguza ngozi na macho. Vaa glavu ndefu, usijifute uso, na jioshe kwa maji baridi na sabuni mara utokapo majini. Wenzako walioanza kuwashwa shambani wasiambiwe wavumilie. Watoke majini.

Hatua ya 2: Chora shamba na uanze daftari

Chora kamba zako na uzipe namba. Kila bamvu, yaani siku za maji makubwa, maji yanapokupwa vizuri, chagua kamba 10 zilizotapakaa shamba zima na kwenye kila moja tazama vishada vitano. Andika ni vingapi vina vidoa vyeusi, vingapi vina manyoya, vingapi vina weupe. Pima joto la maji na kiwango cha chumvi saa zilezile kila mara, kwa sababu joto la saa nne asubuhi na la saa nane mchana ni vitu viwili tofauti. Mimi huchukua chumvi iliyoshuka chini ya sehemu 28 kwa elfu au joto lililopita nyuzi 31 kuwa ishara ya kuongeza ukaguzi; ni mapema kabla ya hatari, na mapema ndiyo inayosaidia.

Daftari hili litakuonyesha misimu ya shamba lako. Huko Sabah, Malaysia, milipuko ya Neosiphonia ilionekana ikifuata vipindi viwili vya mwaka, Machi hadi Juni na Septemba hadi Novemba, joto na chumvi vinapobadilika ghafla. Shamba lako lina kalenda yake. Usikope ya wengine.

Hatua ya 3: Chukua sampuli bila kuzichafua

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali unalotaka kujibu ni hili: bakteria walio juu ya mwani kero ndio haohao walio kwenye jeraha la zao? Ili ulijibu, sampuli ya mwani kero pekee haitoshi. Chukua aina tano kutoka sehemu moja ya shamba: mwani kero wenyewe, ngozi ya zao pale kijimzizi kilipopenya, tawi zima lisilo na kero wala weupe, tawi jeupe kama lipo, na maji ya bahari yanayozunguka. Kila aina ichukuliwe mara tatu, kutoka vishada vitatu tofauti.

Tumia kibano na mkasi vilivyopitishwa kwenye spiriti ya asilimia 70 na kukaushwa, urudie kabla ya kila sampuli. Kata, using'oe. Tia kila sampuli kwenye mfuko au chupa yake safi iliyochemshwa, pamoja na maji kidogo ya bahari yaliyochujwa na kuchemshwa. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika: tarehe, namba ya kamba, aina, joto, chumvi. Weka kwenye kasha lenye barafu, lakini tandika kitambaa kati ya barafu na mifuko. Mwani wa kitropiki ukigusa barafu huungua, na utakachokuja kupima ni bakteria wa tishu iliyokufa njiani. Fika maabara siku hiyohiyo. Usipoweza kabisa, usivuke saa 24.

Maabara, suuza kila kipande mara tatu kwa maji ya bahari yaliyochemshwa yakapoa. Unaondoa bakteria waliokuwa wakipita tu, wabaki wale walioshika. Maji ya suuzo la mwisho yahifadhi kidogo nayo uyapande kwenye kisahani: yakiotesha bakteria wengi, suuza yako haikutosha.

Hatua ya 4: Waoteshe na uwahesabu

Chakula cha kuoteshea ni rahisi kutengeneza. Kwa lita moja ya maji ya bahari yaliyochujwa weka peptoni gramu 5, dondoo ya hamira gramu 1 na agari gramu 15. Chemsha hadi agari iyeyuke, kisha ua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15, na umimine kwenye visahani vya maabara. Wengi hutumia maji baridi kwa mazoea ya maabara za hospitali, halafu hushangaa kwa nini hakioti kitu. Bakteria wa baharini wanataka chumvi.

Pima gramu 1 ya mwani uliosuuzwa, uiponde kwenye mililita 9 za maji ya bahari yasiyo na vijidudu, utikise kwa nguvu kwa dakika mbili. Kwa zao, fanya mara mbili: kipande kimoja kikwanguliwe juu tu kwa pamba ya kijiti, kingine kipondwe. Tofauti ya hesabu itakuonyesha kama bakteria wako juu ya ngozi au wameshaingia ndani.

Zimua mara kumi kumi: mililita 1 kwenye mililita 9 za maji, kisha mililita 1 ya hayo kwenye mililita 9 nyingine, hadi ufike mara 100,000. Sambaza mililita 0.1 ya kila hatua juu ya kisahani, visahani vitatu kwa kila hatua. Viache kwenye nyuzi 25 hadi 28 kwa siku tatu hadi saba, vikiwa vimepinduliwa. Hesabu visahani vyenye koloni (vidoa vya bakteria walioota) kati ya 30 na 300 tu. Mfano: ukipata koloni 86 kwenye maji yaliyozimuliwa mara 10,000 (ukihesabu tangu gramu 1 ilipopondwa kwenye mililita 9), kwa kuwa ulitia mililita 0.1, zidisha 86 kwa 10 kisha kwa 10,000. Hapo una bakteria 8,600,000 kwa gramu.

Kumbuka kwamba wanaoota kwenye kisahani ni sehemu ndogo tu ya walio juu ya mwani. Hesabu hii inafaa kulinganisha sampuli na sampuli. Haifai kutangaza idadi yao halisi.

Ukiweza, pandisha pia kwenye chakula maalumu cha Vibrio kiitwacho TCBS. Koloni za njano na za kijani zitakuonyesha kama kundi hilo limezidi kwenye kero kuliko kwenye tawi zima. Rangi haitoshi kutaja aina kwa jina, na haisemi kama bakteria huyo ana madhara. Hilo linahitaji jaribio linalofuata.

Hatua ya 5: Tafuta wanaokula karajinani

Kama una nafasi ya kufanya jaribio moja tu la maabara, fanya hili. Linajibu swali la mkulima moja kwa moja: ni nani hapa anayeweza kuvunja zao langu?

Tengeneza chakula kilekile, lakini punguza peptoni hadi gramu 1, na badala ya agari tia unga safi wa karajinani ya aina ya kappa, gramu 20 kwa lita. Kloridi ya potasiamu gramu 2 hadi 5 itauimarisha mgando. Koroga bila kuacha unapochemsha, na mimina haraka, maana kappa huganda ingali moto. Karajinani ya mwani mwembamba, ya aina ya iota, hutoa mgando laini mno kwa kazi hii.

Chukua koloni zinazotofautiana kwa sura na rangi kutoka visahani vya hatua ya 4, uzisafishe kwa kuzipanda upya hadi kila kisahani kiwe na aina moja, kisha udonoe kila moja juu ya kisahani cha karajinani. Acha kisahani kimoja bila kitu, cha kulinganishia. Baada ya siku mbili hadi saba kitazame kwa taa iliyoegeshwa ubavuni. Bakteria anayevunja karajinani huzama: chini na pembeni ya koloni lake utaona kishimo, wakati mwingine mgando umekuwa maji kabisa. Asiye na kimeng'enya hukaa juu kama tone.

Sasa linganisha. Ukikuta wachimba vishimo wengi kwenye mwani kero na kwenye jeraha, lakini wachache kwenye tawi zima na kwenye maji, una ushahidi mzuri kwamba kero ndiyo ghala lao. Ukiwakuta kila mahali kwa kiasi kilekile, chanzo ni kingine, na nguvu zako zielekeze kwenye hali ya maji na uchovu wa mbegu.

Mwenye uwezo wa kuthibitisha zaidi atumie kanuni ya Robert Koch, ya kuhakikisha kwamba kijidudu fulani ndicho kinacholeta ugonjwa. Kata vipande vizima vya sentimita 3 hadi 5, uvizoeze kwenye mitungi kwa siku mbili tatu, kisha uvigawe: vyenye jeraha dogo la sindano na visivyo na jeraha, vyenye bakteria na visivyo na bakteria. Rudia makundi hayo manne kwenye maji ya chumvi 20, angalau mitungi mitano kwa kila kundi. Bakteria waoshwe kwanza kwa maji ya bahari yasiyo na vijidudu, la sivyo utakuwa unapima madhara ya chakula chao. Weupe ukitokea, watenge tena bakteria kutoka kwenye weupe na uhakikishe ni walewale. Maji yote ya jaribio yatiwe klorini kwa saa kadhaa kabla ya kumwagwa, wala yasimwagwe baharini. Unapotaka jina kamili la bakteria, hifadhi koloni kwenye gliserini ya asilimia 20 kwenye jokofu la barafu kali na upeleke panapoweza kusomwa jini ya 16S, inayotumika kutambua bakteria.

Hatua ya 6: Safisha shamba bila kusambaza

Haya ndiyo mavuno ya yote yaliyotangulia.

Safisha mapema. Vidoa vyeusi vikionekana kwenye vishada vichache, hapo ndipo pa kuanza, kabla manyoya hayajatoa spora. Chini ya hadubini manyoya yaliyokomaa huonekana yana spora zilizokaa nne nne, au vibonge vidogo kama mitungi. Ukishaviona, kila unyoya unaoukwangua majini unapanda elfu nyingine.

Kata tawi lililoota manyoya yenye mizizi, lote, sentimita chache chini ya mahali palipoathirika, kwa kisu kikali. Mkato mmoja msafi ni jeraha dogo kuliko matundu mia ya manyoya yaliyovutwa. Inauma kukata zao lenye uzito. Lakini tawi hilo lilishaanza kuwa hasara, na linaihamishia hasara hiyo kwa jirani zake. Mwani uliojisokota tu, kama Hypnea mchanga, uondoe kwa mkono kwa upole au kwa kuitikisa kamba ndani ya maji yanayokwenda.

Anza na kamba safi, malizia na kamba mbovu. Mkulima anayeanza na kamba mbovu kwa kuwa ndiyo inayomsumbua moyo hubeba ute na spora mikononi, kisuni na nguoni hadi kwenye kamba nzima. Suuza kisu kwa spiriti au kwa maji yenye klorini kidogo kisha maji ya bahari, kila unapohama kamba. Fanya kazi asubuhi, na usiache matawi yaliyokatwa hewani chini ya jua kali. Jeraha lililokaushwa na jua huchelewa kufunga.

Kila ulichokitoa kiingie kwenye ndoo au gunia lililofumwa kwa kubana. Usikitupe majini, hata mbali, hata maji yakiwa yanatoka. Maji yanayotoka hurudi. Kipeleke nchi kavu juu ya mstari wa bamvu, ukitandaze juani mpaka kivunjike mkononi, kisha ukifukie au ukitie kwenye mboji. Usikianike kwenye chanja unayoanikia zao. Zao lenye kero nalo lianikwe peke yake: karajinani yake imeshapungua nguvu, na kulichanganya na zao safi kunashusha thamani ya lote.

Kamba na taitai kutoka kwenye mstari ulioathirika zitoe majini. Zipige, zisugue, zianike juani siku kadhaa huku ukizigeuza. Ute ule wa mwanzo unaowaita wageni unakaa humo, na kamba iliyorudishwa majini na ute wake imeshaanza mzunguko mpya wa kero kabla hujafunga mbegu ya kwanza.

Hatua ya 7: Zuia kero isirudi

Mbegu ndiyo njia kuu ya kusafirisha kero na bakteria wake kutoka shamba hadi shamba. Usichukue mbegu kwenye shamba lenye vidoa hata kama ni za bure. Chagua ncha changa, zenye rangi iliyokolea, zinazovunjika kwa mlio, na uzikague kwa lenzi moja moja ikibidi. Mbegu mpya ziwekwe kwenye kamba ya karantini upande ambao mkondo unatoka shambani, wiki mbili, kabla hazijachanganywa na nyingine.

Kina cha maji husaidia. Neosiphonia hupenda mwanga, na majaribio ya Ufilipino yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliiona ikipungua kadiri kamba zilivyoshushwa chini. Zao nalo hukua polepole zaidi likishushwa, kwa hiyo usizidishe: nusu mita hadi mita moja chini ya uso wa maji ni masafa ya kuanzia kwa kamba zinazoelea. Majaribio hayohayo yaliona kwamba kuzamisha mbegu kwenye dondoo ya mwani wa kahawia Ascophyllum kabla ya kupanda kulipunguza kero. Panapopatikana, inafaa kujaribiwa kwenye kamba chache.

Panua nafasi kati ya kamba msimu wa maji tulivu ukikaribia. Na kwenye msimu ambao daftari lako linaonyesha ni wa milipuko, vuna mapema: siku 30 badala ya 45. Uzito utapungua, lakini utakuwa umetoa zao kabla kero haijakomaa.

Sasa ya kuepuka. Usimwage antibiotiki wala klorini shambani. Maji yatazichukua kabla hazijafanya kazi, zitaua majirani wema niliowataja mwanzo, na antibiotiki zitaacha bakteria sugu baharini ambako watu huvua na kuogelea. Usilizamishe zao kwenye maji baridi kwa muda mrefu ukidhani unaua manyoya: upungufu wa chumvi ni mmoja wa vichocheo vikuu vya weupe. Usitegemee samaki kama tasi wakusafishie. Hula manyoya, kisha huendelea na zao.

Kama weupe umeshaingia kwenye zaidi ya robo ya vishada, sioni faida ya kukata tawi moja moja. Vuna shamba lote ndani ya siku chache, toa kamba na vigingi vyenye ute, na uliache eneo wazi angalau mzunguko mmoja mzima wa bamvu na maji mafu. Ukirudi, usijaze shamba. Funga kamba tatu za majaribio kwa mbegu ulizokagua, moja kila upande na moja katikati, na uzitazame kwa lenzi kila baada ya siku tatu. Vidoa vyeusi vikitokea kabla ya wiki mbili kwisha, zitoe na usubiri mzunguko mwingine. Visipotokea, na joto na chumvi vikiwa vimetulia, panda nusu ya shamba kwanza, kisha nusu iliyobaki bamvu linalofuata.